Mahame ya Nani? Fikira Juu ya Kiwanja cha Ndege Kilichoachwa

Utangulizi

Swali ninalotaka kulijadili katika makala haya laweza kuonekana dogo, hata la kipuuzi, machoni pa msomaji aliyezoea kukuta katika kurasa hizi mijadala ya ngeli, ya tamathali na ya mitaala. Swali lenyewe ni hili: iwapo mtu au kampuni ilipewa ardhi ya mbali, ikafanya ranchi ya ng'ombe, ikafyeka ndani yake kiwanja cha ndege, kisha ndege zikaacha kuja na kiwanja kikaota majani, je, kiwanja hicho ni cha nani? Na kabla ya kuuliza ni cha nani kwa sheria, je, ni haki mtu kuendelea kuwazuilia wenziwe kitu ambacho yeye mwenyewe hakitumii?

Ninazo sababu mbili za kulileta swali hili mbele ya walimu wa Kiswahili. Kwanza, lugha yetu ina maneno kadhaa ya kutaja mahali palipoachwa, na maneno hayo, tukiyapima vizuri, yamebeba hukumu za kimaadili ambazo waliotutangulia walikwisha kuzifikiri. Pili, wale kati yetu wanaofundisha pande za Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, wanafundisha watoto ambao wazee wao wamegombania ardhi kwa vizazi kadhaa. Watoto hao wanajua, pengine kuliko walimu wao, kwamba pori tupu halikosi mwenyewe.

Maneno tuliyo nayo

Neno la kwanza ni mahame. Latokana na kitenzi hama, na maana yake ni mahali walipokaa watu, kisha watu hao wakaondoka. La pili ni gofu, yaani jengo lililobaki kuta. La tatu ni ganjo, yaani mji uliokufa, kama magofu ya Gedi katika pwani ya Kenya yatuonyeshavyo. Maneno yote matatu yana sifa moja, nayo ni kwamba yanamkumbuka mtu. Huwezi kusema mahame bila kumwashiria aliyehama.

Tukilichukua neno hili tukaliweka juu ya kiwanja cha ndege kilichoachwa, tunapata tabu mara moja. Ni nani aliyehama hapa? Kwenye njia ya kurukia ndege hapakukaa mtu. Rubani alitua, akashusha mzigo, akaondoka siku ile ile. Mwenye ranchi alikuwa na nyumba yake penginepo. Yaelekea basi kwamba kiwanja hiki hakistahili kuitwa mahame, kwa kuwa hakikuwa makao ya mtu. Lakini tukirudi nyuma hatua moja tunaona kwamba hapo kabla ya kiwanja palikuwa na njia ya ng'ombe, au malisho ya kiangazi, au konde la mtu. Hao walioondolewa ili utupu upatikane ndio waliohama kweli. Kwa hiyo kiwanja kilichoachwa ni mahame mara mbili: waliondolewa wa kwanza kwa kuambiwa, wakaondoka wa pili kwa hiari yao. Swali la ni mahame ya nani lina majibu mawili, na ugomvi wote umo katikati ya majibu hayo.

Liko tena neno la nne ambalo halina budi kutajwa, nalo ni kulaza. Mkulima hulaza konde lake misimu miwili au mitatu ili udongo upate nguvu. Konde lililolazwa limeota magugu, halina jembe wala mlinzi, na mgeni apitaye aweza kudhani limetupwa. Mwenyeji hafanyi kosa hilo. Anajua limelazwa na nani, kwa nini, na atarudi lini. Basi utupu peke yake si ushahidi wa kuachwa. Kinacholitenganisha konde lililolazwa na lililotelekezwa ni nia ya kurejea, na nia hiyo inajulikana kwa majirani.

Kiwanja chenyewe kilivyo

Hebu sasa tukitazame kiwanja chenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili, ndege ndogo za injini moja, kama zile za Cessna na Piper, zilienea katika Afrika Mashariki, na uwanja wa Wilson mjini Nairobi ukawa kitovu chake. Kampuni za migodi, wenye mashamba ya mkonge, wenye ranchi, misheni na hifadhi za wanyama walifyeka viwanja vyao wenyewe. Sababu ilikuwa umbali. Chanjo ya mifugo huharibika kwa joto, mishahara ya wafanyakazi haifai kulala njiani, na mgonjwa mahututi hawezi kungoja barabara ikauke baada ya masika.

Kiwanja cha namna hiyo hakidai mengi. Vichuguu husawazishwa, mashimo ya wanyama hufukiwa, miti ya pande zote mbili za mwisho hukatwa, mawe yaliyopakwa chokaa hupangwa kingoni, na mfuko wa kitambaa hutundikwa mlingotini kumwonyesha rubani upepo uvumako. Katika tambarare ya Kasese, iliyo karibu mita 950 juu ya usawa wa bahari na yenye joto kali mchana, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Hata hivyo, njia ya mita 1,000 kwa 30 ni hekta 3 tu. Kwa ranchi yenye maelfu ya hekta hicho si kitu. Kwa mkulima wa vilimani juu ya Bwera, ambako familia nyingi hulima chini ya hekta moja, ni riziki ya nyumba kadhaa.

Lakini si ukubwa unaokifanya kiwanja kuwa cha pekee. Shamba laweza kupitwa na kijia. Ua wa nyumba waweza kuwa na mbuzi wa jirani. Hata mgodi una watu wanaopita juu yake. Kiwanja cha ndege hakivumilii chochote. Hapana mti, hapana kibanda, hapana ng'ombe, hapana mtoto achezaye. Utupu ndio matumizi yake. Na hapa pana jambo ambalo mwanafalsafa hawezi kulipita: kwa kuwa matumizi ya kiwanja ni kuwa kitupu, mtazamaji hawezi kutambua kwa macho kama kingali kinatumika au kimekwisha kuachwa. Shamba lisilolimwa hujisema lenyewe. Kiwanja kisichotua ndege kwa miaka 20 kinafanana sana na kile ambacho ndege itatua kesho. Ndiyo maana ni rahisi mno kwa mwenyewe kudai kwamba hajakiacha, na ni vigumu mno kwa jirani kuthibitisha kwamba amekiacha.

Wala kiwanja hakifi siku moja. Barabara hutengenezwa, na gari likafanya kazi ya ndege. Mafuta hupanda bei, kama yalivyopanda ulimwenguni kote mwaka 1973. Mwenye mali huondoka, kama walivyoondoka wengi Uganda baada ya amri ya mwaka 1972 ya kuwafukuza Waasia. Vita hupita, kama ile ya 1978 hadi 1979, na mifugo ikaporwa. Safari za ndege zinakuwa moja kwa mwezi, kisha moja kwa mwaka, kisha hakuna akumbukaye ya mwisho ilikuwa lini.

Tambarare ya Kasese na sababu zake

Atokaye Kasese kwenda Bwera huwa na milima mkono wake wa kulia na tambarare mkono wa kushoto mpaka afike mpakani Mpondwe. Vilimani makonde yamebanana. Chini ni nyasi wazi. Mgeni huuliza kwa nini watu wamejazana mlimani ilhali bondeni ni kutupu. Jibu ni kwamba tambarare hii imechukuliwa mara nyingi, na kila mara ilichukuliwa kwa sababu.

Mwishoni mwa karne ya 19 sotoka iliangamiza ng'ombe, na mwanzoni mwa karne ya 20 malale yakaua watu. Serikali ya kikoloni ikawaondoa waliosalia kandokando ya maziwa ili mbung'o wasipate damu. Sababu ilikuwa afya. Mwaka 1952 sehemu kubwa ya ardhi hiyo, ambayo sasa ilionekana kuwa pori, ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1954, Malkia Elizabeth alipozuru Uganda, ikapewa jina lake. Sababu ilikuwa wanyama. Shaba ya Kilembe nayo ilileta kampuni ya mgodi mwaka 1950, kwa mtaji wa Kanada, na reli ya kilomita 333 kutoka Kampala ikafika Kasese mwaka 1956. Sababu ilikuwa madini. Mgodi ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwishoni mwa miaka ya 1990 garimoshi nalo likaacha kuja. Magereza yakapata mashamba, jeshi likapata mahali pake, ufugaji wa kisasa ukatafutiwa nafasi. Kila mmoja alikuja na sababu.

Katika nchi ya namna hii viwanja vidogo vya ndege ni sehemu ndogo ya jambo kubwa. Nisieleweke vibaya: si vyote vimekufa. Kile cha mji wa Kasese ni mali ya umma na hakijaachwa, na kile cha Mweya ndani ya Hifadhi hupokea watalii. Ninachozungumzia ni namna ya kiwanja, ile ya binafsi iliyo mbali, ambayo mifano yake imetawanyika katika ranchi za Afrika Mashariki yote. Nimekichagua kwa sababu kinaonyesha wazi, kama kielelezo ubaoni, yale yaliyofichika katika mambo makubwa zaidi: ardhi iliyochukuliwa kwa sababu fulani, sababu ikafa, na utupu ukabaki na mlinzi.

Hoja za mwenye hati

Haki inatutaka tumsikilize kwanza mwenye hati. Hoja yake ya kwanza ni kwamba haki haipungui kwa kutotumiwa. Mtu aliye na vitabu asivyovisoma hajapoteza vitabu vyake, wala mwenye kanzu ya sikukuu hanyang'anywi kwa kuwa haivai kila siku. Tukikubali kwamba kisichotumika ni cha yeyote, hakuna atakayethubutu kulaza konde wala kusafiri.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Kiwanja kitupu ni akiba. Mnamo Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulifurika ukabomoa nyumba, madaraja na hospitali ya Kilembe. Mwezi Juni 2019 ugonjwa wa Ebola ulivuka mpaka kutoka Kongo, na wagonjwa wa kwanza walihudumiwa Kagando na Bwera. Nani ajuaye ni siku gani barabara zitakatika na dawa italazimika kuja kwa njia ya anga? Kulima kiwanja ni kazi ya asubuhi moja. Kukitafuta tena wakati wa msiba ni kazi ya miezi.

Hoja ya tatu ni ya amani. Ardhi ikionekana haina mwenyewe, wa kwanza kuingia ndiye atakayepata, na wa kwanza si lazima awe mhitaji zaidi; mara nyingi ni mwenye nguvu zaidi. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Bora basi mmiliki asiyetumia kuliko mapanga ya wanaotaka kutumia.

Hoja hizi hazifai kubezwa, lakini zina mipaka. Kanzu ya sikukuu haimzuii jirani kuvaa yake, ilhali ardhi haizaliwi mara mbili: niliyoifunga mimi, wewe hunayo. Na akiba ni neno jema iwapo mwenye kuweka akiba ndiye alipaye gharama ya kungoja. Je, gharama ya kungoja ndege katika kiwanja hiki hulipwa na nani? Hulipwa na mchungaji anayezungusha ng'ombe wake kilomita kadhaa kwenda majini ili asikanyage mahali ambapo hakuna kinachotua isipokuwa ndege wa manyoya. Akiba ya mmoja inayowekwa kutoka mfukoni mwa mwingine ina jina jingine.

Hoja za mwenye kutumia

Upande wa pili wasema kwamba ardhi ni ya aitumiaye. Fikira hii ina wazee wengi. Katika fikihi ya Kiislamu mtu aliyehuisha ardhi mfu alipewa haki juu yake, na baadhi ya mafakihi walimwekea aliyezungushia mipaka bila kuhuisha muda wa miaka mitatu tu. John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1689 alifundisha kwamba jasho la mtu ndilo linaloifanya ardhi kuwa yake. Akaongeza kwamba nyasi zikiozea ndani ya ua wa mtu, ardhi hiyo ihesabiwe kuwa pori hata kama imezungushiwa ua. Mwalimu Nyerere naye, katika andiko lake la mwaka 1958 liitwalo Mali ya Taifa, alishikilia kwamba ardhi haikutengenezwa na mtu, na haki ya mtu ni juu ya kazi aliyoitia.

Hoja hii yavutia, lakini tuipokee kwa hadhari, maana ni kisu cha makali mawili. Ni hoja hii hii iliyotumiwa kuwanyang'anya wafugaji. Msimamizi wa kikoloni alipoitazama tambarare hakuona jembe, akasema hapana atumiaye. Malisho ya miezi mitatu kwa mwaka hayakuhesabiwa kuwa matumizi, wala njia ya kwendea chumvi ya Katwe haikuhesabiwa. Sheria ya mwaka 1903 iliifanya ardhi isiyo na hati kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Basi tukisema sasa kwamba ardhi ni ya aitumiaye, hatuna budi kujibu kwanza: matumizi ni nini, na nani atakayehukumu?

Hata hivyo hoja hiyo ina faida moja ambayo haiwezi kukanushwa, nayo ni kudai usawa wa kipimo. Kama kulisha kwa miezi mitatu hakukutosha kumpa mfugaji haki, basi kutotua ndege kwa miaka 20 hakuwezi kumtosha mwenye ranchi. Na kama mwenye ranchi atajibu kwamba utupu wake ni matumizi, basi utupu wa mfugaji wakati wa masika, alipoyapumzisha malisho, ulikuwa matumizi pia. Mizani ni moja. Haifai kubadilishwa mawe kulingana na anayepimiwa.

Uganda imekwisha kuliona jambo hili kwa macho. Katika miaka ya 1960, kwa msaada wa Marekani, ranchi zilipimwa Ankole na Masaka katika nchi iliyosafishwa mbung'o, kila moja ikiwa na takriban maili tano za mraba. Waliogawiwa walitarajiwa kuzungusha seng'enge, kujenga majosho na kufuga kisasa. Baadhi walifanya hivyo. Wengine walikaa mjini. Wafugaji waliokuwa wakipita na mifugo yao katika nchi ile tangu zamani wakaitwa maskwota. Mwaka 1990 mvutano ukazuka kuwa ghasia, na Serikali ikaunda bodi ya kuzipunguza ranchi na kuwagawia wasio na ardhi. Kilichopasa kuulizwa kwa utulivu kiliulizwa kwa moto.

Kisa cha Crichel Down

Pengine litatusaidia kutazama kisa cha mbali kinachohusu ardhi na ndege. Mwaka 1938 Wizara ya Anga ya Uingereza ilitwaa ekari 725 mahali paitwapo Crichel Down, katika jimbo la Dorset, ili marubani wajifunze kutupa mabomu. Hakuna aliyepinga, vita ilikuwa inanukia. Vita ikaisha, mabomu yakaisha, lakini ardhi haikurudi. Mwaka 1950 ilikabidhiwa Wizara ya Kilimo, na maafisa wakaazimia kuifanya shamba la mfano. Warithi wa mmoja wa wenye ardhi wa awali wakadai kuinunua, wakazungushwa. Uchunguzi ulipofanywa na ukweli kujulikana, Waziri wa Kilimo, Sir Thomas Dugdale, alijiuzulu mwezi Julai 1954. Tangu hapo huko Uingereza kumekuwa na utaratibu kwamba ardhi iliyotwaliwa kwa shuruti, ikishakuwa haihitajiwi, kwa kawaida apewe kwanza nafasi ya kuinunua yule iliyotoka kwake au warithi wake.

Msomaji ataitambua tarehe hiyo. Katika mwaka ule ule wa 1954, ambapo waziri wa Uingereza alipoteza kazi yake kwa sababu ya ekari 725 zisizorudishwa, hifadhi ya tambarare ya Kasese ilikuwa ikipewa jina la Malkia wa nchi ile ile. Hakuna aliyejiuzulu kwa ajili ya Wasongora.

Sisemi haya ili kuamsha chuki. Waliohusika wengi wamekwisha kufa. Nayasema kwa sababu kanuni iliyozaliwa Crichel Down si ya Kiingereza. Ni ile ile ambayo mama yeyote wa kijijini ataieleza. Mtu akikuazima sufuria kubwa kwa ajili ya matanga, na matanga yakaisha, huwezi kuendelea kuitumia kupikia pombe ya kuuza, ukasema, "Si ulinipa mwenyewe?" Alikupa kwa matanga. Ruhusa ilifungamana na sababu, na sababu ilipokwisha, ruhusa nayo imekwisha. Ukitaka kupika pombe, nenda ukaombe upya. Huenda akakubali tena, hata kwa furaha. Lakini ni yeye wa kukubali.

Sababu mpya yahitaji ombi jipya

Hili ndilo jibu ninalopendekeza. Swali la haki ya kiwanja kilichoachwa halikatwi kwa hati peke yake wala kwa matumizi peke yake. Hukatwa kwa kuuliza sababu iliyokitoa ardhi mikononi mwa wa kwanza, na kama sababu hiyo ingali hai. Ikiwa hai, mwenyewe aheshimiwe. Ikiwa imekufa, mwenyewe hana haki ya kuichomeka sababu nyingine mahali pake kimyakimya, kama mtu abadilishaye mpini akadai ni jembe lile lile.

Tukiipima historia ya Kasese kwa kipimo hiki tunaona kosa lilipo. Watu waliondolewa kwa ajili ya malale. Hiyo ilikuwa sababu ya kweli, na huenda iliokoa maisha. Lakini malale yalipopungua hawakuitwa warudi. Utupu ulioletwa na ugonjwa ulikabidhiwa kwa sababu nyingine. Ubaya hauko katika kuhifadhi wanyama. Tembo na viboko wa Ziwa George na Ziwa Edward ni urithi wa ulimwengu, na yaelekea wenyeji wangekubali mengi kama wangeulizwa. Ubaya uko katika kutouliza. Hali kadhalika Tanganyika, ambako Waingereza walianzisha mradi wa karanga mwaka 1947 huko Kongwa, wakauacha mwaka 1951 baada ya hasara ya takriban pauni milioni 36: karanga zilikufa, lakini ardhi haikurudi kwa Wagogo, ikawa ranchi.

Matokeo ya kutouliza huja kuchelewa, lakini huja. Mwaka 2006 wafugaji wa Kisongora waliokuwa Kongo walifukuzwa katika eneo la hifadhi ya Virunga, wakaingia na ng'ombe wao katika Hifadhi ya Queen Elizabeth. Mwaka uliofuata Serikali ikatafuta mahali pa kuwaweka, ikagusa hata ardhi iliyokuwa ya mashamba ya Magereza. Nao wakulima wa Kikonzo, waliobanana vilimani kwa miaka mingi, wakauliza mbona wao hawakukumbukwa. Pande zote mbili zilikuwa na haja ya kweli, nazo ziligombania makombo ya sababu za watu wengine.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yasema katika ibara ya 237 kwamba ardhi ni ya raia wa Uganda, na ibara ya 26 yaeleza kwa makini jinsi mali ya mtu iwezavyo kutwaliwa: kwa haja ya umma, kwa fidia ya haki, kabla ya kutwaliwa. Juu ya kurudisha haja ikiisha, ibara hiyo haisemi kitu. Tumejifunza kuandika mlango wa kuingilia. Wa kutokea bado.

Alama ya msalaba

Katika kanuni za kimataifa za usafiri wa anga, zilizotokana na mkataba uliotiwa sahihi Chicago mwaka 1944, iko moja ambayo yafaa kuzingatiwa. Njia ya kurukia ndege ikifungwa moja kwa moja, sharti itiwe alama kubwa ya msalaba inayoonekana kutoka juu, ili rubani asidanganyike akashuka mahali palipokufa. Ni kanuni ya busara na ya huruma. Yamtambua rubani kuwa mtu anayestahili kuambiwa ukweli juu ya ardhi.

Lakini msalaba ule hutazama juu. Aliye chini, anayekizunguka kiwanja na mifugo yake, haambiwi kitu. Hakuna anayemwandikia tangazo kwamba ile sababu iliyomwondolea babu yake malisho sasa imekwisha. Ninaloomba ni kwamba msalaba utazame pia chini. Kila ardhi inayotwaliwa iandikiwe sababu yake kwa lugha wanayoielewa majirani, na muda wa kuiangalia upya. Anayetaka kuishika kama akiba ya siku ya msiba aseme hivyo hadharani, akubali malisho yapite mpaka msiba ufike, na alipe kodi ya kungoja. Anayetaka kuigeuzia kazi nyingine aombe upya. Na asiye na sababu yoyote atangaze mwisho, ili walioondolewa wafikiriwe kwanza kabla ya wenye nguvu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na haki ya watu hupotea vivyo hivyo.

Wafugaji wana elimu yao juu ya jambo hili. Boma la ng'ombe likihamwa, samadi iliyobaki hustawisha nyasi kwa miaka mingi, na wanyama wa porini pamoja na mifugo ya wengine hufuata kula hapo. Hayo ni mahame yanayomlisha ajaye. Kiwanja kilichoshindiliwa changarawe huacha udongo mgumu ambao hata mvua huteleza juu yake. Aina zote mbili za mahame zipo mbele yetu, na kila atwaaye ardhi huchagua, ajue asijue, ni ipi atakayoiacha.

Kwa walimu wenzangu wa Kasese, Bwera na kwingineko napendekeza zoezi moja la insha. Wanafunzi wataje mahali patupu palipozuiliwa karibu na kwao, wawaulize wazee sababu yake ilikuwa nini na nani aliombwa, kisha waandike kama sababu hiyo ingali hai. Watajifunza matumizi ya mahame, gofu, ganjo na kulaza vizuri kuliko kwa orodha ya msamiati. Na kama majibu yao yatatofautiana na hoja za makala haya, kurasa hizi zingefaidika kuyapokea.